Walawi wa Moshi Wanalala Wapi?

Ndugu zangu wa Moshi mjini, na ninyi wa Machame, Kibosho, Uru, Old Moshi, Marangu na Rombo: fungueni kitabu cha Hesabu, sura ya 35. Wengi huiruka kwa sababu imejaa vipimo. Walawi hawakupewa urithi wa ardhi kama makabila mengine, na Mungu hakuwaambia wakatafute dalali. Aliwaagiza wenye ardhi wawatengee miji 48 ya kukaa. Akaagiza pia eneo la wazi lipimwe kuuzunguka kila mji, dhiraa elfu mbili kila upande. Aliyerithi kingi akatwe kingi, aliyerithi kidogo akatwe kidogo. Hiyo ni amri ya mipango miji, ndugu zangu, na imeandikwa kwa ajili ya watu wasio na kiwanja.

Walawi wa Moshi ni nani? Ni muuguzi anayekesha KCMC. Ni mama anayepanga nyanya sokoni Mbuyuni kabla jua halijachomoza, na mwalimu aliyepangiwa kituo kutoka mkoa wa mbali. Mji huu tangu reli ya Tanga ilipoufikia mwaka 1911 umeishi kwa jasho la watu waliokuja na mikono yao tu. Sensa ya 2012 iliwahesabu wakazi 184,292. Ile ya 2022 ikawakuta wamepita 220,000, katika manispaa isiyofika kilometa za mraba 60. Nao wanabanana Pasua, Njoro, Majengo na Bomambuzi, chumba kimoja kwa familia nzima, choo kimoja kwa ua mzima.

Na tunawadai nini? Kodi ya miezi sita mkononi, au ya mwaka! Mtu anayelipwa mwisho wa mwezi, tena kwa kuchelewa, tunamtaka atoe leo fedha ambayo hajaifanyia kazi bado. Anakopa kwa riba ili apate pa kulaza watoto. Sheria ya mwaka 1984 iliyodhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo tunajitetea kwamba ni makubaliano ya watu wawili. Makubaliano gani kati ya mwenye funguo na mama aliyesimama kibarazani na mtoto mgongoni?

Sasa nipande mlimani, maana huko ndiko dhambi hii ilikoota mizizi. Wazee wetu walikuwa na utaratibu wa kihamba. Mtoto wa kwanza alipewa sehemu yake alipooa, kitinda mimba akabaki kwenye boma la wazazi, na wa katikati walitafutiwa ardhi mpya. Ardhi mpya imekwisha. Juu ni msitu wa hifadhi, chini ni mji. Basi tunakata. Kihamba kilicholisha ukoo kwa ndizi, kahawa na maziwa ya ng'ombe wa zizini kimemegwa kwa wana, kikamegwa tena kwa wajukuu, na kinachobaki kinauzwa kipande kwa kipande kwa mgeni. Mfongo uliopitisha maji ya mababu unafukiwa ili msingi umwagwe. Sale lililopandwa mpakani, lile lile tunalolishika kumwomba ndugu msamaha, linang'olewa usiku ili mpaka usogee hatua mbili.

Na juu ya ardhi hiyo finyu tunajenga nini? Nyumba za fahari za vyumba sita, vigae vinang'aa, geti la chuma. Zinafunguliwa Desemba, mbege inanywewa, picha zinapigwa, kisha Januari kufuli linarudi na mlinzi anabaki na mbwa. Sisemi mwana asijenge kwao. Wazazi wamezikwa pale, na aliyesahau makaburi ya kwao amejisahau. Lakini nasema mbele za Mungu: chumba kinachofungwa miezi kumi na moja huku Walawi wanalala watu saba chumbani kitatushitaki.

Teremkeni nami hadi Mabogini. Mashamba ya mpunga ya mradi wa umwagiliaji uliokamilika mwaka 1987 kwa msaada wa Wajapani yapo jirani, na mji unayasogelea kila mwaka. Muuzaji anapiga vigingi vyake, hapimi, haachi njia, wala hamwambii mnunuzi masika maji yanapita wapi. Maskini ananunua kwa sababu ni rahisi. Siku mke wake anaposhikwa na uchungu, gari la wagonjwa linaishia barabarani. Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, inamtaka mjenzi aweke ukingo darini ili damu ya atakayeanguka isiwe juu ya nyumba yake. Je, damu ya aliyekosa njia iko juu ya nani? Iko juu yako uliyeuza hadi mita ya mwisho.

Madiwani, Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 imewapa kazi ya kupanga. Msingoje watu wajenge ndipo mje na rangi nyekundu kuandika X ukutani. Urasimishaji unaobomoa ukuta wa mjane umechelewa. Tangulieni ninyi na ramani, Msaranga na Mabogini, kabla ya dalali. Ndugu mnaorithi kiwanja kimoja Majengo au Kaloleni, msikimbilie kuuza mgawane fedha. Sheria Namba 16 ya mwaka 2008 inaruhusu jengo moja kuwa na wamiliki wengi, kila mmoja na hati ya sehemu yake. Jengeni kwenda juu, mkae pamoja, na mbakize chumba cha kumpangisha muuguzi kwa bei anayoiweza. Nasi viongozi wa dini tuna ardhi, tena nyingi na nzuri, tuliyoachiwa na waumini. Hatuwezi kuhubiri Hesabu 35 huku ekari zetu zimeota majani.

Wewe mwenye nyumba unayesoma haya, usingoje diwani wala askofu. Mpangaji wako atakapogonga mlango mwisho wa mwezi huu, pokea kodi ya mwezi mmoja, mwandikie risiti, umwache arudi kwa wanawe na fedha ya unga.