Mwenyeji Asiyepewa Habari

Katika kila nyumba inayongoja mtoto, habari ya kuzaliwa hutangulia kuzaliwa kwenyewe. Mume hujua, mama wa mke hujua, majirani hukisia kisha huambiwa, na mkunga huhesabu miezi. Mtoto mkubwa, kama yupo, huketishwa mapajani akaambiwa kuwa atapata mdogo wake. Nguo hushonwa, kitanda hununuliwa, na chumba hupakwa chokaa upya. Walakini katika nyumba nyingi yumo mkazi mmoja asiyeambiwa neno, naye ni paka. Hulala jioni pale alipozoea kulala; akiamka, mlango umefungwa, harufu za nyumba zimebadilika, na sauti asiyoijua inalia nyuma ya ukuta.

Je, pana dhuluma hapo? Hilo ndilo swali la insha hii. Najua kwamba litawachekesha baadhi ya wasomaji, maana dunia ina madhulumu makubwa ya kutosha, na paka ni kiumbe mdogo. Lakini maswali ya wema na ubaya hayapimwi kwa kimo cha yule anayehusika. Aghalabu tabia ya mtu huonekana wazi zaidi mahali ambapo hapana wa kumshitaki wala wa kumsifu. Na mbele ya paka mtu hana hofu ya mashitaka wala tamaa ya sifa.

Mpinzani wa kwanza atasema kuwa mtu hadaiwi na mnyama. Deni, kwa maoni yake, lataka mdai ajuaye kwamba anadai. Immanuel Kant, aliyefundisha Königsberg katika karne ya 18, alikuwa karibu na fikira hii: aliona kuwa mtu hana wajibu wa moja kwa moja kwa mnyama, bali ukatili kwa mnyama ni mbaya kwa sababu huufanya moyo kuwa mgumu hata kwa watu. Mwingereza Jeremy Bentham, katika kitabu kilichotolewa mwaka 1789, alishika njia nyingine. Alitaka tusiulize kama mnyama ana akili au anaweza kusema, bali tuulize kama anaweza kuumia.

Katika pwani yetu jambo hili halikuwangoja wanafalsafa hao. Kila aliyepita chuoni amesikia habari, katika mapokeo ya Kiislamu, za mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka: alimfungia ndani, hakumlisha, wala hakumwachia atoke ajitafutie wadudu wa ardhini. Amesikia pia habari za Abu Qatada, aliyeinamisha chombo cha maji ya udhu ili paka anywe, akaeleza kwamba Mtume alifundisha kuwa paka si najisi, kwa kuwa ni miongoni mwa wanaotuzunguka majumbani. Habari ya kwanza yafaa kutazamwa vizuri. Mwanamke yule hasimuliwi kuwa alipiga wala kuchoma. Alifunga mlango, na hakumfikiria aliye nyuma yake. Kuzaliwa kwa mtoto ni majira ya kufunga milango, na kwa hiyo ni majira ya kukumbuka kosa hilo. Hata sarufi yetu inashuhudia. Twasema paka amelala, hatusemi paka imelala. Twampa kiambishi kile kile tumpacho mtoto na mama yake.

Mpinzani wa pili ana nguvu zaidi, naye mara nyingi ni bibi wa mtoto. Husema kuwa uhai wa mtoto hauwekwi katika mizani moja na raha ya paka. Neno hili ni kweli, na insha hii hailipingi hata kidogo. Ikiwa hapana budi mmoja apate hasara, asiwe mtoto. Lakini kabla ya kuutumia ukweli huo kama fimbo, yatupasa kubagua hatari ya kweli na hatari ya kusadikiwa tu.

Katika Uingereza na sehemu nyingine za Ulaya ilienea zamani imani kwamba paka hunyonya pumzi ya mtoto mchanga. Imani hiyo ni uwongo, ingawa yawezekana ulijengwa juu ya jambo la kweli. Paka hupenda joto, na mtoto aliyelala ni joto. Paka akijilaza karibu na uso wa mtoto asiyeweza kujigeuza, mtoto aweza kukosa hewa. Dawa yake ni nyepesi: paka asilale chumba kimoja na mtoto, na wawili hao wasiachwe pamoja bila mtu mzima. Wala chandarua cha mbu si ukuta. Paka akikirukia hukiangusha.

Hatari nyingine hutangulia kuzaliwa. Kipo kijidudu kiitwacho Toxoplasma gondii, kilichotambuliwa mwaka 1908 mjini Tunis na pia katika Brazili, ambacho chaweza kumdhuru mtoto tumboni iwapo mama ataambukizwa kwa mara ya kwanza akiwa mjamzito. Kijidudu hiki hutoka katika kinyesi cha paka, na kwa sababu hiyo paka wengi wamefukuzwa nyumbani siku mimba ilipojulikana. Lakini paka, kwa kawaida, hukitoa kwa wiki chache tu baada ya kuambukizwa mara ya kwanza, na kinyesi hakiambukizi mpaka ipite siku moja au zaidi. Mtu mwingine akiondoa kinyesi kila siku, na mama akinawa mikono na kuvaa glavu alimapo bustani, hatari imepungua sana. Tena nyama isiyoiva, mboga zisizooshwa na udongo ni njia kubwa za ugonjwa huo. Amfukuzaye paka huku akila mshikaki mbichi amefunga dirisha akauacha mlango wazi. Alhasili, hofu ya kweli hutufundisha uangalifu, na hofu ya uwongo hutufundisha kufukuza.

Sasa tumtazame paka mwenyewe, maana hatuwezi kujua haki ya mtu au mnyama bila kujua maisha yake yalivyo. Paka wa nyumbani ametokana na paka-mwitu wa Afrika na Mashariki ya Karibu, ambaye wataalamu humwita Felis lybica. Urafiki wake na watu ni wa kale. Mwaka 2004 wachimbuzi wa mambo ya kale walitangaza kaburi katika kisiwa cha Cyprus, lenye umri wa miaka 9,500 hivi, ambamo mtu na paka walizikwa karibu karibu. Lakini katika miaka yote hiyo paka hakuiacha desturi moja ya porini, nayo ni kuishika nchi yake kwa harufu. Asuguapo shavu lake kwenye mguu wa meza, kwenye kizingiti au kwenye muundi wa mtu, huacha hapo alama isiyoonekana. Kila apitapo huisoma tena, akajua yu kwake. Pamoja na harufu, ana saa zake: saa ya kula, saa ya kuota jua, saa ambayo miguu fulani huingia mlangoni.

Mtoto azaliwapo, vyote hivyo hugeuka kwa mara moja. Nyumba hujaa ubani na udi, maziwa na mafuta. Katika pwani mzazi hukaa ndani siku 40, na wanawake huingia na kutoka na vyungu vya uji. Mkono uliokuwa ukimlisha paka umeshika mtoto, na kitanda kilichokuwa ruhusa kimekuwa haramu. Kwetu sisi mambo hayo yana sababu, na sababu yenyewe ni furaha. Kwake ni matukio yasiyo na sababu. Akijificha chini ya kabati, akikataa chakula, au akikojolea nguo za mtoto, husemwa kuwa ana wivu. Neno wivu ni letu. Linalomfaa yeye zaidi ni kupotewa: amepotea ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Hapa ndipo penye kiini cha swali. Kwa nini huhesabiwa dhuluma kumficha mtu jambo litakalobadili maisha yake? Si kwa sababu habari ni mali tu, bali kwa sababu habari humpa nafasi ya kujiweka tayari kabla jambo halijamfika. Kwa mtu, nafasi hiyo twaitoa kwa maneno. Kwa paka maneno hayafai. Lakini haifuati kwamba kweli haiwezi kumfikia. Yaweza kumfikia kwa harufu, kwa sauti, kwa mahali na kwa wakati. Kumwandaa paka, basi, ni kumwambia kweli kwa lugha aliyo nayo. Na ikiwa lugha hiyo ipo, nasi twaiweza, udhuru wetu wa kusema kwamba paka haelewi umekwisha.

Lugha hiyo ina taratibu zake, na ya kwanza ni kuanza mapema, miezi kadhaa kabla ya uzazi. Mlango utakaofungwa baadaye ufungwe tangu sasa, ili kufungwa kwake kusije siku moja na mgeni. Kitanda cha mtoto kiwekwe mahali pake, paka akinuse, lakini asizoeshwe kukilalia. Kama mama ndiye amlishaye, mwingine wa nyumbani aanze kumlisha kidogo kidogo kwa saa zile zile. Kilio cha mtoto mchanga chaweza kunaswa kwa simu na kusikizishwa kwa sauti ndogo wakati paka anapokula, kikaongezwa siku hadi siku. Mafuta ya mtoto yapakwe mikononi mwa mama kabla ya mtoto kuwapo. Chakula na mahali pa choo visogezwe taratibu penye utulivu, na paka apewe mahali pa juu, rafu au kabati, pa kutazama bila kuguswa. Mganga wa mifugo amtazame, ampe dawa ya minyoo na viroboto, na chanjo ya kichaa cha mbwa, kwa kuwa hapo haki ya mtoto na haki ya paka zimekuwa moja.

Mtoto akiisha kuzaliwa, kitambaa alichofungwa kitangulie nyumbani, kiwekwe chini, paka akiendee mwenyewe kwa hiari yake. Siku ya kuingia, mtu mwingine ampakate mtoto, na mama amsalimu paka kwa mikono mitupu. Asishikwe kwa nguvu akasogezwa usoni pa mtoto, wala asifukuzwe kwa ukali akija kwa upole. Maana kila atakalotendewa mbele ya mtoto atalihesabu kuwa limetoka kwa mtoto.

Itasemwa kuwa yote haya ni kazi kwa watu ambao tayari wana kazi. Ni kweli. Lakini tulinganishe kazi hiyo na desturi inayoshika nafasi yake. Mahali pengi paka asiyetakiwa hutiwa ndani ya gunia usiku, akaachwa sokoni au ufukweni penye samaki. Atendaye hivyo hujifariji kwamba paka hajui kuomboleza na chakula hatakikosa. Baada ya miezi twamwona mnyama aliyekonda, mwenye jicho la wasiwasi, tukamwita paka shume, tukamtupia mawe kwa wizi wake. Hatuulizi nani alimzoeza kwanza kuutegemea mkono wa mtu, kisha akauondoa mkono huo. Mnyama wa porini hatudai uaminifu, kwa sababu hatukumwahidi kitu. Paka wa nyumbani tulimwahidi kila siku tulipomwekea kibakuli pale pale saa ile ile.

Sisemi kwamba maandalizi hushinda daima. Wapo paka ambao, baada ya subira yote, hubaki wakali au wagonjwa kwa hofu, na hapo mtoto atangulizwe bila kusitasita. Lakini hata kuachana kuna njia ya haki. Paka akabidhiwe mtu ajulikanaye, mkono kwa mkono, pamoja na tandiko lake lenye harufu yake na maelezo ya desturi zake. Tofauti ya kukabidhi na kutupa haipo katika umbali wa safari; ipo katika kuwa mwishoni mwa safari pana mtu aliyekubali kumngoja.

Limebaki jambo moja, nalo lawahusu wazazi kuliko paka. Mtoto anayengojwa kwa hamu hiyo naye hajui maneno. Kwa mwaka mzima wa kwanza ataisoma nyumba kwa harufu ya kifua, kwa uzito wa mkono, kwa saa ya kulishwa na kwa ukali au upole wa sauti. Hatujui kumweleza kwa nini ameachishwa, kwa nini amechomwa sindano, kwa nini mama ameondoka asubuhi. Tutakachomwambia tutamwambia kwa vitendo na kwa wakati, au hatutamwambia kabisa. Watu waliozoea kumtendea haki asiyeweza kuuliza wameanza malezi kabla mtoto hajafika.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Aghalabu twaitumia methali hii kumsifu mgeni, tukasahau kwamba imeweka sharti. Ugeni mwema ni ule ambao mwenyeji hupata nafuu ndani yake. Mgeni huyu mdogo hana awezalo kumfanyia mwenyeji wake mwenye manyoya. Sharti hilo, basi, liko juu yetu sisi tulio kati yao, ambao twajua mmoja anakuja na mwingine yupo.