Sahani ya kaka mezani kwa baba mkubwa



Kwetu Lundo, kandokando ya Ziwa Nyasa, mtu kuhama dhehebu si habari mpya. Waanglikana wapo, Wakatoliki tupo, tunaoana na tunazikana. Mjomba akihamia upande wa pili watu wananuna mwezi mmoja, basi. Lakini kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, hakuhamia popote. Alisema hakuna Mungu.

Ilikuwa Krismasi, amerudi kutoka chuo. Ugali wa muhogo na samaki vimeshatengwa. Baba mkubwa akamwambia aongoze sala kama zamani, maana alikuwa mtumishi wa altare huyu. Akajibu taratibu: "Baba nisamehe, siamini tena. Nikisali hapa nitakuwa nadanganya."

Baba mkubwa akaivuta sahani yake. "Asiyemshukuru Mungu asile chakula cha Mungu." Kaka akatoka, akaenda kukaa kwenye mitumbwi. Mama mkubwa alilia, na kilio chake hakikuwa cha moto wa milele tu: "Ukifa nani atakuzika? Jumuiya itakuja kwa nani?" Wa mjini mnaweza kuona ni swali dogo. Kijijini, wanajumuiya ndio wanaokesha na wewe, wanaoimba, wanaobeba jeneza.

Mimi nilikaa kimya, nikala.

Kwa muda mrefu nilimtetea baba mkubwa. Nyumba ni yake, na Katekisimu inasema wazi kwamba kumkana Mungu ni dhambi dhidi ya amri ya kwanza. Lakini hebu tufikiri, jamani. Kama kaka angefumba macho na kutoa sala nzuri, ya uongo mtupu, angekula. Tungesema amina kwa furaha. Yaani siku ile alinyimwa chakula kwa sababu alisema kweli. Na Mungu anayeona moyo angepata nini kwenye ile sala?

Mtakatifu Monika naye alianza hivyohivyo. Augustino aliporudi nyumbani Tagaste (leo ni Algeria) akiwa amefuata mafundisho ya Wamani, mama alikataa kula naye meza moja. Sawa, Augustino hakukana kuwapo kwa Mungu, ila kwa mama maumivu yalikuwa yaleyale. Baadaye Monika aliota ndoto iliyomfariji, akamruhusu kurudi mezani. Akamwendea askofu mmoja amwombe abishane na kijana. Askofu akakataa: mwache, wewe msalie tu. Augustino alikuja kubatizwa Pasaka ya mwaka 387. Hesabuni wenyewe: alirudishiwa sahani zaidi ya miaka 10 kabla ya ubatizo. Monika hakungoja aamini kwanza.

Wengine watasema haya ni mambo ya Wazungu. Hapana. Kenya, chama cha wasioamini kilisajiliwa Februari 2016, na miezi michache baadaye usajili ukasimamishwa. Ni watoto wa majirani zetu, wamelelewa na nyimbo za kanisani kama sisi.

Tarehe 7 Desemba 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati nne. Moja, Dignitatis Humanae, inafundisha kwamba mtu asilazimishwe katika imani. Nyingine, Gaudium et Spes, inasema katika namba 19 kwamba waamini wenyewe wanaweza kuchangia watu kumkana Mungu, kwa malezi mabovu ya imani au kwa maisha yasiyofanana na Injili. Hiyo namba 19 inanichoma. Kaka aliniambia kwamba akiwa darasa la kipaimara aliuliza kwa nini mdogo wake alikufa wakati sote tulisali. Akajibiwa asimhoji Mungu. Hakuuliza tena, na sisi tukadhani ameelewa. Ayubu alihoji sura kwa sura, na kitabu chake kimo kwenye Biblia.

Simsemi kaka kwamba yuko sahihi. Mimi naamini, na kila siku namtaja kwenye rozari, naye anajua. Anacheka, anasema "haya, dogo."

Mama mkubwa humpigia kila Jumapili baada ya Misa. Haulizi kama amesali, anauliza kama amekula. Baba mkubwa hukaa karibu na simu, hasemi kitu. Wiki iliyopita ndipo alipouliza, kama vile hamuulizi mtu: "Desemba anakuja?"