Kusaidia kwa Kupenda

Hapa kwetu Kolwezi neno «kupenda» limechoka. Wakati wa Mobutu kulikuwa salongo: kazi ya pamoja, kazi ya kupenda nchi, walisema, lakini ilikuwa ya lazima. Halafu mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10.000 wa Gécamines waliacha kazi katika mpango ulioitwa «départ volontaire», ndiyo kusema kuondoka kwa kupenda. Watu wale walikuwa na miezi mingi bila mshahara. Mtu wa namna hiyo akitia sahihi, amependa kweli?

Tunauliza hivi kwa sababu ya paa moja. Nyumba nyingi za mitaa yetu ni za matafari mabichi. Wakati wa mvua upepo ukibeba mabati, ukuta unakunywa maji, na siku chache tu unalala chini. Kwa hiyo msaada wa juma lijalo si msaada tena.

Mwaka mmoja upepo ulibeba mabati ya mjane, jirani yetu. Sisi, kwa desturi ya walimu, tulifika na wanafunzi, tena na daftari. Tukaandika majina ya waliofika na ya waliokosa. Vijana walinyoosha mabati kwa nyundo, wakafunga miti kwa waya, wakapandisha mawe juu. Mmoja akatuuliza: «Mwalimu, hii ni salongo?» Tulicheka tu. Jibu hatukuwa nalo.

Jioni mama alileta munkoyo. Tukakatala, eti tumekuja bure. Akakasirika: «Baba Mwalimu, mukikatala munkoyo yangu, munanifanya mutu wa kuomba. Kesho miye pia nitakuja kwenu.» Tulikunywa, na haya. Wazee wetu kijijini, wakiita watu kulima, walitayarisha kinywaji. Haukuwa mshahara, ilikuwa njia ya kubaki sawa na jirani. Kumbe bure yetu ilimfunga mama yule kuliko deni.

Na daftari? Kijana mmoja wa waliokosa alikuwa ameshinda shimoni, akichimba apate chakula cha watoto. Alikuja usiku na taa, akaziba ukuta peke yake, akaenda. Hakuna aliyemwita.

Ukurasa ule tuliupasua. Lakini hata leo, tukipeleka wanafunzi kwa kazi ya namna hiyo, wanaangalia kwanza mkono wetu, kama umeshika kalamu.