Mzee na Mchezo

Barua moja imetufikia kutoka Marekani. Aliyeiandika ni mkristu wa kwetu, mwenye miaka 68, aliyehamia huko pamoja na watoto wake. Tangu mke wake alipofariki, alikuwa akishinda nyumbani peke yake, watoto wakiwa kazini na wajukuu shuleni. Siku moja jirani yake, mzee kama yeye, alimwita kiwanjani, akampa kibao, akamfundisha mchezo ambao wenyeji wanauita pikiliboli. Sasa anaucheza mara tatu kwa juma. Lakini moyo wake hautulii. Mkristu mwenziwe, mtu wa nchi yetu, amemwambia: «Mzee, umebakiza siku ngapi duniani? Badala ya kushika rozari unashika kibao, na kurukaruka mbele ya wajukuu!» Basi anatuuliza: Je, ni dhambi? Je, ni haya?

Tumeona ni vema kujibu hapa mbele ya wote, kwa kuwa ulizo hili si la mtu mmoja. Linamhusu kila mtu anayezeeka, nasi sote tuko katika njia hiyo.

Kwanza tuujue mchezo wenyewe. Ulianza mwaka 1965 katika kisiwa cha Bainbridge, jimbo la Washington. Joel Pritchard na rafiki yake Bill Bell waliwakuta watoto wao wamechoka kwa kukosa la kufanya. Palikuwa na kiwanja cha zamani cha badmintoni, lakini vyombo vyake havikutimia. Wakachukua vibao na mpira mwepesi wa plastiki wenye matundu, na baadaye wakaushusha wavu. Barney McCallum, rafiki yao mwingine, akasaidia kutengeneza vibao vya mti vilivyofaa. Hivi mchezo uliobuniwa ili kuwaliwaza watoto umekuja kuwaliwaza mababu pia. Mwaka 2022 jimbo la Washington liliufanya kuwa mchezo wake rasmi.

Sababu gani wazee wanaupenda? Kiwanja ni kidogo: urefu wake ni mita 13.4 na upana mita 6.1 tu. Tena sheria zake zinamzuia mwenye nguvu. Anayeanzisha mara nyingi huupiga mpira kutoka chini, mkono ukipanda juu. Kisha mpira lazima udunde mara moja upande huu na mara moja upande ule, kabla mtu yeyote hajaruhusiwa kuupiga ukiwa hewani. Na karibu na wavu, kila upande, kuna sehemu ya mita 2 na kidogo ambamo ni marufuku kuupiga mpira usiodunda. Basi kijana hawezi kusimama kwenye wavu na kumponda mwenziwe kwa nguvu. Mwenye subira na shabaha anapata nafasi yake.

Sasa tuje kwenye ulizo. Je, kucheza ni kupoteza wakati wa Mungu?

Mtakatifu Tomasi wa Akwino alilifikiri jambo hili zaidi ya miaka mia saba iliyopita. Anakumbusha hadithi ya kale juu ya Mtume Yoane. Watu walimkuta mtume akicheza na wafuasi wake, wakakwazika. Yoane akamwambia mmoja wao, aliyekuwa na upinde, apige mshale, kisha mwingine, kisha mwingine. Akamwuliza kama anaweza kuendelea hivyo bila kuacha. Yule akajibu kwamba upinde ungevunjika. Ndivyo ilivyo roho ya mtu, akasema mtume: ikivutwa siku zote bila kulegezwa, itavunjika. Kwa hiyo Mtakatifu Tomasi anafundisha kwamba kucheza kwa kiasi ni fazila. Anaongeza hata hili: mtu asiyefurahi kamwe, tena anayewazuia wengine wasifurahi, naye anakosa.

Lakini anaweka masharti matatu. Mchezo usiwe na neno la aibu wala la kudhuru. Roho isipoteze utulivu wake. Tena mchezo ufae mtu, wakati na mahali. Tumpime mzee wetu kwa masharti hayo.

Juu ya mtu na wakati, hatuoni kosa. Hachezi saa ya Misa, na pesa za nyumba hazitumii vibaya. Tunamwomba jambo moja tu: ajionyeshe kwanza kwa mganga, wala asikimbie kinyumenyume kufuata mpira unaopita juu ya kichwa. Kwa namna hiyo wazee wengi huanguka, na mifupa ya uzee haiungi upesi. Mwili si mali yetu ya kuvunja tutakavyo, ni amana.

Juu ya haya, tumwulize yule aliyemkaripia: huko Kasai na Katanga, wazee wanapocheza kisolo chini ya mti, nani anawacheka? Hakuna. Basi kinachomchukiza si mchezo, ni ugeni wake. Anachukizwa pia kuona mjukuu akimwonyesha babu namna ya kushika kibao. Lakini hapo sisi tunaona jambo jema. Tangu zamani mtoto anajifunza kwa mzee, na desturi hiyo ni nzuri. Ila mzee anayeweza kukosea mbele ya mtoto, akacheka, akajaribu tena, anamfundisha mtoto somo ambalo maneno hayawezi kulifundisha. Heshima inayovunjika kwa kukosa mpira mmoja haikuwa heshima imara.

Tena kuna neno lingine katika barua. Miezi yote ile mzee alipokaa peke yake, akiangalia ukuta, huyu mkristu mwenziwe hakuja kumtembelea hata mara moja. Alikuja siku aliposikia kwamba anacheza. Ndugu wapendwa, tujichunguze. Mwaka 2021 Papa Fransisko aliweka siku ya kuwakumbuka mababu, mabibi na wazee wote, Jumapili ya nne ya mwezi wa Julai. Hakuiweka ili tuwalinde wazee na furaha, bali ili tusiwaache peke yao. Jirani yule wa Marekani, ambaye hatujui kama anasali, alifanya tendo la huruma ambalo lilikuwa letu kulifanya.

Je, tumemaliza? Hapana. Mwishoni mwa barua mzee ameandika sentensi moja kama mzaha. Katika mchezo huu, watu wanapocheza bila mwamuzi, kila upande unahukumu mpira ulioanguka kwao. Mpira uliogusa mstari ni mzuri, ila ule wa kuanzisha ukigusa mstari wa sehemu ya karibu na wavu. Na mwenye mashaka lazima ampe mwenziwe haki. Siku moja, mchezo ukikaribia kwisha, mzee aliuona mpira ukigusa mstari wa nyuma. Akasema: «Nje!» Upande wake ukashinda. Jirani yake hakubisha.

Mzee wetu, unatuuliza kama kucheza ni dhambi. Kucheza si dhambi. Lakini siku ile ulisema uwongo, ukamnyang'anya mtu aliyekutoa katika upweke. Ni kosa dogo, ndiyo, na Mungu ni mwenye huruma. Ila usilipite kwa kicheko. Ulidhani kwamba tamaa ya kushinda na kusifiwa ilikufa ndani yako zamani, pamoja na ujana. Kumbe ilikuwa imelala tu. Nyumbani, mbele ya ukuta, usingeijua. Kiwanjani imeonekana. Hapo ndipo sharti la pili la Mtakatifu Tomasi lilipovunjika: roho ilipoteza utulivu wake kwa ajili ya pointi moja.

Basi usiuache mchezo. Rudi kiwanjani, umwambie jirani yako: «Mpira ule uligusa mstari.» Neno hilo litakuwa zito kinywani kuliko kukimbia kote. Kisha liungame kwa padri, upokee amani. Na wajukuu wako wawepo, kama inawezekana, wakusikie ukilisema. Wazee wa kale walisema: Penye wazee haliharibiki neno. Hawakusema kwamba mzee hakosi. Walisema kwamba alipo mzee, lililoharibika linatengenezwa.

Rozari asubuhi, kibao alasiri: mkono ni ule ule, na Bwana wake ni mmoja.