Nyumba ya kampuni, nyumba yako

Asubuhi hii nafikiria Mwadingusha, kando ya mto Lufira, ambako kampuni ya madini ya Union Minière ilianza kuzalisha umeme mwaka 1930. Mfanyakazi wa kampuni hiyo, na baadaye wa mrithi wake Gécamines, alipata nyumba pamoja na kazi. Kazi ikikatika, hata paa lilikuwa mashakani.

Ndiyo maana wazee wanatusukuma: mtoto, tafuta kiwanja chako! Wana haki. Lakini tusidanganyane. Kwa sheria ya Julai 1973, udongo wa Congo ni mali ya Dola. Raia anapewa haki ya kuutumia, na hati inayoilinda ni ile inayotolewa na konservateri wa viwanja, si karatasi ya muuzaji. Aliyejenga bila hati hiyo anaweza kulala na hofu zaidi kuliko mpangaji mwenye mkataba.

Mpangaji naye analindwa: sheria ya Desemba 2015 inakataza garanti ya nyumba ya kuishi kupita kodi ya miezi 3. Mama, baba, ukidaiwa ya miezi 6, kataa kwa heshima. Na ukitaka kununua, kabla ya kutoa hata faranga moja, uliza kwa konservateri kiwanja kimeandikwa jina la nani.