Starehe ya Nyumba Ina Wenyewe Wawili



Jumapili moja baada ya Misa, mama mmoja wa jumuiya yetu alinivuta kando, mbali kidogo na wenzake waliokuwa wakisalimiana mbele ya kanisa. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, je, ni dhambi mke kutamani kutembea na mumewe?"

Nilicheka, nikidhani ananitania. Kumbe hakuwa akitania. Yeye na mumewe wameoana miaka 19 na wana watoto wanne. Alikuwa amemwomba mumewe waende Naivasha siku moja, wao wawili tu, wakale samaki kando ya ziwa, watazame mashamba ya mizabibu na kuonja ile divai inayotengenezwa huko. Mume akamjibu kwamba huo ni ubadhirifu, na kwamba mwanamke Mkristo hawezi kuwazia divai hali karo ya muhula haijalipwa. Mama akanyamaza. Lakini Jumamosi iyo hiyo jioni, mume alikuwa na rafiki zake kwenye nyama choma, kama Jumamosi zote.

Swali la mama huyu si dogo. Ndani yake mna maswali matatu. Je, ni halali watu kujifurahisha hali mahitaji hayaishi? Na kama ni halali, furaha hiyo ni ya nani katika nyumba? Na ifurahiwe vipi ili isigeuke kuwa hasara?

Kabla sijamhukumu mume yule, afadhali niungame yangu. Miaka kumi ya kwanza ya ndoa yetu, mimi pia nilikuwa mtu wa Jumamosi. Usiku mmoja nilirudi na mbavu za mbuzi zilizobaki, zimefungwa katika gazeti, nikampa mke wangu nikijiona mume mwema kuliko wote mtaani. Alipokea kwa mikono miwili, akashukuru, kisha akasema, "Baba watoto, nyama yako hunifikia ikiwa baridi. Siku moja ningependa kuila ikiwa moto." Nikamwambia aipashe jikoni, nikaenda kulala. Ndivyo nilivyokuwa mzito wa kuelewa.

Sasa tuanze na swali la kwanza. Wako Wakristo wanaofikiri kwamba Mungu hupendezwa nasi tunapofanya kazi na kuteseka tu, na kwamba tukicheka anageuza uso. Hayo sio mafundisho ya Kanisa. Muujiza wa kwanza wa Bwana wetu, kama anavyotusimulia Yohane katika sura ya 2, ulifanyika arusini Kana. Pale palikuwa na mitungi sita ya mawe, na wataalamu wa Maandiko hukadiria kwamba kila mmoja ulichukua lita 80 hadi 120. Hiyo ni divai nyingi. Hakuna mgonjwa aliyeponywa siku hiyo wala maiti aliyefufuliwa. Kilichookolewa ni furaha ya maarusi na heshima yao mbele ya wageni. Bwana aliona kwamba hilo nalo lastahili mkono wake.

Tena, katika Kumbukumbu la Torati 24:5, sheria ya Musa inaagiza kwamba mwanamume aliyeoa karibuni asipelekwe vitani wala asibebeshwe kazi ya umma kwa mwaka mzima, ili abaki nyumbani amfurahishe mke wake. Tafakarini jambo hilo. Taifa lina maadui mipakani, na bado sheria inasema furaha ya mke mmoja yaweza kungojewa na jeshi zima!

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, aliliuliza swali hili waziwazi. Alikumbusha hadithi ya kale ya Mtume Yohane. Watu walimkuta akicheza na wanafunzi wake wakashangaa. Yohane akamwambia mmoja wao, aliyekuwa na upinde, apige mshale, kisha mwingine, kisha mwingine. Halafu akamwuliza kama angeweza kuendelea hivyo bila kukoma. Yule akajibu kwamba upinde ungevunjika. Ndivyo ilivyo kwa moyo wa mtu usiolegezwa kamwe. Tomaso alifundisha kwamba kupita kiasi katika michezo ni kosa, lakini pia mtu asiyefurahi kabisa, na anayewazuia wengine wasifurahi, ana kosa lake, ingawa ni dogo kuliko lile la kwanza. Basi mama yetu aondoe hofu. Tamaa yake si dhambi.

Swali la pili ndilo linalouma. Furaha hiyo ni ya nani?

Siku ya arusi mlipeana kila kitu. Mshahara ni wenu wawili, deni ni lenu wawili, watoto ni wenu wawili, na ugonjwa ukiingia huwalaza wote wawili. Je, mapumziko peke yake ndiyo yamebaki ya mmoja? Mke huamka kabla ya jogoo, huenda shambani, dukani au ofisini, na akirudi jioni hukuta jiko linamngoja. Mume akirudi jioni hukuta kiti. Uchovu wameugawana, tena mara nyingi fungu la mke ni kubwa zaidi. Lakini Jumamosi ikifika, starehe inatoka na mmoja na kurudi na mmoja. Mtu akichukua peke yake kilicho cha watu wawili, twamwitaje? Sitaki kulitaja neno lenyewe. Kila mmoja alijibu moyoni mwake.

Mume atasema, "Hakuna pesa." Haya, tuchukue karatasi na kalamu. Mume anayetumia shilingi 1,500 kila Jumamosi na rafiki zake, kwa majuma 52 ya mwaka ametumia shilingi 78,000. Nauli ya watu wawili kwenda Naivasha na kurudi, samaki na ugali, na divai ya kuonja, haviwezi kufika hata robo ya hesabu hiyo. Pesa zilikuwapo. Mke ndiye aliyekosekana katika hesabu.

Lakini tusiwaonee wanaume peke yao. Wako wake ambao mume akisema, "Mama, twende tukanywe chai mahali," hujibu, "Hizo pesa si afadhali tununue kuku wa kufuga?" Wengine hujificha nyuma ya watoto: mtoto anakohoa, mtoto ana mtihani, mtoto hatalala bila mimi. Mume akikataliwa mara tatu, ya nne hataomba. Atajitafutia wa kwenda naye, na tukimpata na rafiki zake tu, tumshukuru Mungu.

Mimi na mke wangu hatimaye tulikwenda Naivasha, tena kwa matatu. Ni kama kilomita 90 kutoka Nairobi. Nakumbuka tulipokuwa tukiteremka ukuta wa Bonde la Ufa tulikuwa hatujaambiana neno la maana. Tulikuwa tumezungumza juu ya karo, juu ya paa linalovuja, na juu ya dada yangu mgonjwa. Mambo hayo yalipokwisha, tukanyamaza kama abiria wasiojuana. Niliogopa. Nilijiuliza, je, watoto wakishaondoka nyumbani, huyu na mimi tutabaki na nini?

Karibu na Mai Mahiu tukapita lile kanisa dogo lililojengwa mwaka 1942 na wafungwa wa vita wa Kiitaliano, waliokuwa wakitengeneza barabara hiyo. Tukafanya ishara ya msalaba. Mke wangu akasema, "Hebu fikiri, hawa walikuwa mbali na wake zao, na ona walichojenga." Hapo ndipo mazungumzo yetu yalipoanza, na hayakukoma hadi usiku.

Wengi wetu tumeijua divai altareni tu. Hata kule Dodoma, Tanzania, ambako leo mizabibu imeenea, wamisionari Wakatoliki wana sehemu kubwa katika habari za kuanzishwa kwake. Kwa hiyo nilikuwa na wasiwasi kuingia mahali pa kuonjea divai, nikidhani ni baa yenye jina zuri. Sivyo nilivyokuta. Unatiliwa kidogo sana chini ya glasi. Unaiinua mbele ya kitambaa cheupe uone rangi yake. Unaizungusha taratibu, unainusa, kisha unakunywa funda dogo na kulikalisha mdomoni kabla ya kumeza. Asiyetaka kumeza huwekewa chombo cha kutemea, wala hachekwi. Aliyetuhudumia alituuliza, "Mnasikia ladha gani?" Mke wangu akasema anasikia kitu kama zambarau. Mimi nilisikia kama moshi. Tukabishana na kucheka. Ilikuwa miaka mingi tangu mtu atuulize tunasikia nini.

Ndugu wasomaji, pale nilijifunza jambo ambalo sikulipata katika Jumamosi zangu zote. Mlevi haijui ladha ya anachokunywa. Chupa ya kwanza huisikia kidogo, ya pili haisikii, ya tatu haikumbuki. Mwenye kiasi ndiye anayeijua divai, kwa sababu anakaa nayo na kuisikiliza. Twafundishwa kwamba kiasi ni fadhila, nasi twadhani ni kama uzio wa kuifungia furaha nje. Kumbe kiasi ndicho kinachotuwezesha kuionja. Yoshua bin Sira katika sura ya 31 asema jambo lilo hilo: divai ni uzima ikinywewa kwa kipimo, na ni uchungu ikizidi.

Na je, ndoa si hivyo? Wangapi wetu tunammeza mwenzetu kila siku bila kumwonja? Tunaishi naye, tunalala naye, tunamtuma hiki na kile, na hatujui siku hizi anafikiri nini. Katika Wosia wa Kitume uitwao Amoris Laetitia, wa mwaka 2016, hayati Papa Fransisko aliwakumbusha wanandoa kwamba upendo huhitaji kutengewa muda na nafasi, na kwamba mambo mengine hayana budi kungoja. Safari si lazima iwe ndefu. Thamani yake ni kwamba kwa saa chache hakuna anayewaita baba wala mama, na mnabaki mume na mke tu.

Jioni ile, kando ya ziwa, tuliletewa samaki mzima na kachumbari. Mke wangu alikunja mkono wa nguo akamega ugali, akanitazama akasema, "Huyu ni moto." Nilijua alikuwa anakumbuka nini. Nikaomba msamaha pale pale, miaka mingi baada ya mbavu zile za mbuzi.

Tumalizie na swali la tatu, la namna ya kufanya, maana si kila kutoka ni kwema.

Kwanza, msitembee kwa deni. Furaha ya siku moja iliyonunuliwa kwa mkopo wa simu hulipiwa kwa ugomvi wa mwezi mzima. Wekeni akiba kidogo kidogo, kama akina mama wafanyavyo katika chama.

Pili, msiwasahau wanaowategemea. Ikiwa mama mzazi hana dawa, dawa ndiyo safari ya mwezi huo. Lakini msigeuze shida za ukoo kuwa kisingizio cha maisha, kwa kuwa shida hizo hazitakwisha, na upinde ni ule ule.

Tatu, ikiwa mmoja wenu amewahi kufungwa na pombe, achaneni kabisa na habari za divai. Chai na mandazi vyatosha. Hakuna ladha inayostahili kumrudisha mwenzako shimoni. Na mkienda kwa gari, anayeendesha asionje.

Nne, msitoke ili muonekane. Wako wanaotumia chakula kizima wakipiga picha za kuwaonyesha wengine, na hali yule aliye mbele yao hajatazamwa hata mara moja.

Yule mama nilimjibu hivi: si dhambi, na mapumziko ya nyumba yenu ni yako na ni yake. Mwambie bila kumshtaki, wakati wa utulivu, na uanze na jambo dogo, hata kikombe cha chai karibu na soko. Sijui mpaka leo walifikia wapi. Nawaombea.

Nanyi, kabla ya Jumapili ijayo, kaeni wawili mjiulize:

Mara ya mwisho tulipofurahi pamoja, sisi wawili tu, ilikuwa lini?

Katika nyumba yetu, nani hupumzika na nani hubaki?

Kuna jambo gani mwenzangu ameliomba zaidi ya mara moja, nami nikajifanya sikusikia?

Jibuni kwa kweli, na anayesikiliza asijitetee. Mungu azibariki ndoa zenu.