Msiwakalishe Wazee Wenu

Nasema na ninyi wana mliofanikiwa. Ninyi mnaotuma pesa kila mwisho wa mwezi, mliomjengea mama nyumba ya vigae, mkampelekea seti ya makochi, mkamwajiria dada wa kumpikia na kijana wa kumkatia ng'ombe majani. Mungu awalipe, maana wako wengi waliokwisha sahau njia ya kwao. Lakini leo sikuja kuwasifu. Nimekuja kuwaambia kwamba kochi mlilolinunua kwa upendo linammaliza mama yenu, linammaliza polepole, na ninyi mnadhani ni uzee.

Mnayajua maneno yetu. "Mama, acha, utaumia." "Baba, wewe kaa tu, sisi tupo." "Bibi, usiinuke, nitakuletea." Tunamnyang'anya jembe, tunamnyang'anya mwiko, hata fagio tunamnyang'anya, na tunaita heshima. Mwaka wa kwanza anakaa kwa sababu tumemwambia akae. Mwaka wa tatu anakaa kwa sababu hawezi tena kuinuka. Hapo tunatikisa vichwa na kusema umri umekwenda.

Umri haukufanya yote hayo! Sikilizeni ushahidi.

Mwaka 1990 daktari Maria Fiatarone na wenzake walichapisha utafiti walioufanya katika makao ya wazee mjini Boston, Marekani. Walichukua watu 10 wa umri wa miaka 86 hadi 96. Hawakuwa wazee wa kupigwa picha wakikimbia mbio ndefu. Walikuwa dhaifu, wenye maradhi sugu zaidi ya moja, baadhi yao wakitembelea mkongojo, na watatu hawakuweza kuinuka kitini bila kujisukuma kwa mikono. Mtu mwenye huruma za kwetu angewafunika blanketi. Fiatarone akawapa vyuma. Mara tatu kwa wiki, kwa wiki 8, waliinua uzito kwa miguu, tena uzito wa kweli, uliofika asilimia 80 ya kile ambacho kila mmoja angeweza kuinua kwa nguvu zake zote. Tisa wakamaliza. Nguvu za mapaja yao zilipanda kwa wastani wa asilimia 174. Rudieni kuisoma namba hiyo. Watu wa miaka 90 walimaliza miezi miwili wakiwa na nguvu za miguu karibu mara tatu ya zile walizoanza nazo! Misuli yenyewe ya paja iliongezeka kwa asilimia 9. Wawili waliweka mikongojo chini. Mmoja wa wale watatu akainuka kitini bila kushika kitu.

Na kuna jambo la pili katika utafiti huo, nalo linanitisha kuliko lile la kwanza linavyonifurahisha. Walipoacha mazoezi kwa wiki 4 tu, walipoteza asilimia 32 ya nguvu. Wiki nne! Ndio muda tunaomchukua mama kutoka kijijini aje mjini "apumzike kidogo". Tunamweka mbele ya televisheni, geti limefungwa, hana jirani wa kumwendea, hana kuku wa kumfukuza, chakula kinamfuata alipo. Anarudi kwake amenenepa mashavu na amekwisha miguu, na sisi tunajisifu kwamba mama amependeza.

Mtaniambia, basi tutamlisha vizuri. Tutatuma lishe, tutatuma maziwa ya kopo, tutatuma supu. Hata hilo limepimwa. Mwaka 1994 Fiatarone huyo huyo alirudi na wazee 100 wa makao hayo, wastani wa umri wao miaka 87. Wengine walipewa mazoezi, wengine kinywaji cha kuongeza lishe, wengine vyote viwili, wengine hawakupewa hata kimoja. Baada ya wiki 10 nguvu za misuli za waliofanya mazoezi zilikuwa zimepanda kwa asilimia 113, na mwendo wao ukawa wa haraka zaidi. Waliopewa kinywaji bila mazoezi hawakupata nguvu. Mwili hujenga misuli na kuibomoa kila siku, na kinachoamuru ujenzi ni kazi. Chakula ni matofali, ndugu zangu, na matofali hayajipangi yenyewe kuwa ukuta. Tena mwili wa mzee huchelewa kuisikia amri hiyo kuliko mwili wa kijana. Kwa hiyo yeye ndiye anayehitaji kuisikia mara kwa mara, naye ndiye tuliyemkalisha.

Msidhani kukaa kunamdhuru mzee peke yake. Mwaka 1966, huko Dallas, vijana watano wa miaka 20, wazima wa afya, walilazwa kitandani wiki tatu kwa ajili ya utafiti. Miaka 30 baadaye wanaume hao hao watano walitafutwa na kupimwa tena. Ikaonekana kwamba zile wiki tatu za kitanda ziliidhoofisha miili yao, katika uwezo wa kufanya kazi ngumu, kuliko miaka 30 ya kuzeeka. Kama kitanda kilimfanyia hivyo kijana, kochi la miaka mitano litamfanyia nini nyanya yako?

Najua mnaogopa nini. Ataanguka. Na hofu hiyo si ya kudharauliwa, kwa kuwa nyonga ikivunjika katika umri wa miaka 80, wengi hawarudi kuwa kama walivyokuwa, na wako wasioinuka kabisa. Lakini hebu tuulize, anayeanguka ni nani? Ni yule ambaye mapaja yake yameisha, asiyejua tena kusimama kwa mguu mmoja akivaa kiatu, anayekwenda chooni usiku kwa miguu isiyofanya kazi mchana kutwa. Mwaka 2019 Catherine Sherrington na wenzake walikusanya majaribio 108 yaliyohusisha watu zaidi ya 23,000 waliofikisha miaka 60 na kuendelea. Mazoezi yalipunguza maanguko kwa karibu robo, na miongoni mwa yaliyofaa ni yale ya kufundisha mwili kusimama imara bila kuyumba. Mnamzuia asitembee ili asianguke, na kwa kumzuia mnayaandaa maanguko yake!

Sitawadanganya kwamba mazoezi yanafuta uzee. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2014 ulifuata watu 1,635 wa miaka 70 hadi 89, wote wakiwa watu wa kukaa, ambao miguu yao ilikuwa imeanza kuwasaliti. Nusu walipewa ratiba ya kutembea na kujenga miguu, nusu wakapewa mafunzo ya afya tu. Kipimo kilikuwa kutembea mita 400. Katika miaka miwili na zaidi waliyofuatwa, kati ya waliofundishwa darasani, asilimia 35 walipoteza uwezo huo. Kati ya waliotembezwa, asilimia 30. Kuna atakayesema tofauti hiyo ni ndogo. Kwangu mimi ni mama wa mtu anayefika dukani kwa miguu yake, ni babu wa mtu anayeingia kanisani bila kubebwa. Nendeni mkamwambie babu huyo kwamba tofauti ni ndogo.

Wenye Biblia mnamkumbuka Kalebu. Ana miaka 85, nchi inagawanywa, naye anamwendea Yoshua kuomba mlima, tena mlima wenye miji yenye maboma na watu warefu wa kutisha. Yoshua hakumtafutia kivuli. Alimbariki akampa Hebroni. Na wenye msikiti mnamjua mzee anayeswali swala tano kwa kusimama, kurukuu na kusujudu, akiinuka kutoka chini kila siku ya Mungu. Msimharakishie kiti kabla hajakihitaji. Siku atakapokihitaji, apewe kwa heshima zote. Kabla ya hapo, mwacheni goti lake liguse mkeka.

Lakini asije mtu akatumia maneno yangu kumtesa mzazi wake. Bibi wa miaka 78 anayebeba ndoo ya lita 20 kupanda mlima, aliyeachiwa wajukuu wanne bila senti, huyo hasemeshwi habari za mazoezi. Huyo anatwishwa mzigo uliokuwa wa wanawe. Mchoteeni maji, na mtume pesa. Ninachokataa ni kumwondolea mzee kazi zote kwa pamoja, hata zile alizozipenda, hata kumwagilia mchicha, hata kukoroga chungu cha wageni wake mwenyewe.

Akili nayo huenda pamoja na miguu. Huko Finland, Miia Kivipelto na wenzake waliwachukua watu 1,260 wa miaka 60 hadi 77 waliokuwa katika hatari ya kupoteza kumbukumbu. Kwa miaka miwili nusu yao walipewa mambo manne kwa mpigo: chakula bora, mazoezi ya mwili, mazoezi ya akili, na ufuatiliaji wa karibu wa presha, sukari na mafuta ya damu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Vipimo vya akili vya kundi hilo vilipanda kwa asilimia 25 zaidi ya vya wenzao waliopewa ushauri wa kawaida tu. Angalieni mambo hayo manne, muone ni lipi lisilowezekana Machame au Kigoma. Mboga za majani, samaki, maharage, kutembea, kucheza bao, kupima presha. Sioni hata moja linalohitaji ndege.

Presha! Hapa nataka kupaza sauti. Wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, watafiti waliwapima zaidi ya wazee 2,200 wenye miaka 70 na zaidi. Karibu 7 kati ya kila 10 walikuwa na shinikizo la juu la damu, na wengi mno hawakuwa wamedhibitiwa. Ni vijiji vya milimani hivyo, vya migomba na hewa safi, vile tunavyodhani maradhi ya mjini hayavifikii. Presha haina kelele. Inapasua au inaziba mishipa ya ubongo, na siku ya kiharusi majirani wanasema amerogwa, kumbe amekaa nayo miaka 10 bila mtu kumfunga mkanda mkononi. Seti nzima ya makochi ilipanda gari hadi kijijini. Kipimo cha presha, ambacho ni cha bei ndogo kuliko kochi moja, hakikupanda.

Katika Hai hiyo hiyo wazee ambao akili zilikuwa zimeanza kupotea waliwekwa katika vikundi, vikao 14 ndani ya wiki 7, wakizungumza habari za utoto na chakula, wakiimba, wakicheza. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Hawakupona, lakini kumbukumbu zao zilipimwa zikaonekana bora kuliko mwanzo, na wasiwasi ukapungua. Kazi hiyo ilifanywa na watu kuzungumza na wazee, jambo ambalo sisi tunasema hatuna muda nalo, tunampigia mama dakika mbili, "pesa imefika? haya, kesho." Na kama hasikii vizuri kwenye simu, mpelekeni akapimwe masikio. Usikivu unaopotea umo miongoni mwa mambo 14 ambayo jopo la wataalamu la jarida la Lancet liliyataja mwaka 2024 kuwa yanaongeza hatari ya ugonjwa wa kusahau na yanaweza kushughulikiwa. Mzee asiyesikia huacha kuitika, akiacha kuitika tunaacha kumwita, na nyumba imejaa watu.

Wachungaji, mapadre, masheikh: mna wazee wote wa mtaa chini ya paa moja kila wiki. Baada ya ibada wabakisheni dakika 15. Waketi kwenye viti vigumu, mikono kifuani, wainuke na kuketi, wainuke na kuketi, mpaka mapaja yaseme yamechoka. Wasimame kwa mguu mmoja nyuma ya benchi, kidole kikiwa karibu na pa kushika. Muuguzi wa usharika aje na kipimo cha presha. Anayeumwa kifua, au aliyepata kiharusi karibuni, amwone daktari kwanza. Ninyi waganga na wauguzi wa dirisha la wazee, msiishie kwenye panadol. Mwambieni mzee ainuke kitini mbele yenu, mhesabu.

Na wewe mwana, Desemba barabara ya Moshi itajaa magari na utakuwa katika mojawapo. Ukifika, mama atainuka kukupokea. Usimwambie akae. Mwombe akupeleke shambani, tembea kwa mwendo wake, mbebe akichoka lakini usimbebe kabla hajachoka. Mpe yai, maharage na dagaa kila siku, si siku ya wageni tu. Weka taa njia ya chooni na mkono wa kushika ukutani. Mrudishie mwiko wake. Kabla hujaondoka, mpeleke akapimwe presha, andika namba, na mwezi unaofuata, utakapompigia kuuliza kama pesa imefika, muulize na namba hiyo.